Luena: Mapendo yanayoua watoto wa sungura

LUENA – Hapa Luena, mji uliokomaa juu ya reli na makaa ya mawe, sungura ni mnyama wa watoto. Baba anaweza kununua jike, mama anaweza kutoa fasi nyuma ya jiko, lakini anayejua wa kwanza kama jike amezaa usiku ni mtoto. Ni yeye anaenda kukata majani mbele ya shule. Ni yeye anawapa majina, hata kama wakubwa wanamukataza, sababu nyama yenye jina ni nguvu kuichinja.

Kwa familia za wahamaji, jambo hili si mchezo. Mtu aliyekimbia vita, ao aliyetolewa katika nyumba yake wakati maji ya Lualaba yalipopanda katika bonde la Kamalondo, hawezi kuanza tena na ng'ombe. Mbuzi naye anaomba kamba, malisho na jirani mwenye uvumilivu. Sungura anaomba sanduku la mbao, majani na siku 31 za mimba, hivi tu. Jike mmoja mwenye kuzaa watoto sita ao saba, mara nne kwa mwaka, anaweza kulipa makaratasi ya shule na kutia nyama ndani ya chungu mara kwa mara. Lakini hesabu hiyo inakuwa ya kweli kama watoto wanafika miezi mitatu. Wengi hawafiki. Wanakufa katika juma la tano ao la sita, wakati ule ule ambapo kila mtu alikuwa ameanza kuwahesabu.

Mama mmoja mhamaji, aliyefika Luena na watoto wake wawili kutoka upande wa maziwa, aliona watoto saba wa jike lake kubaki wawili. Hawakuuawa na paka, wala mwizi. Waliuawa na vitu vizuri walivyopewa.

Jike lile lilizaa vizuri. Lilijinyofoa manyoya ya tumbo, likafunika watoto ndani ya sanduku, kisha likaenda kukaa pembeni. Binti wa mama huyo, mwenye miaka kumi na mmoja, alikesha siku mbili akichungulia. Hakuona jike kuingia kwenye kiota hata mara moja. Akasema: «Mama, amewakataa.» Mama akachunguza naye, akaona vile vile. Ndipo wakanunua maziwa ya unga sokoni, wakayakoroga katika maji ya moto, na binti akaanza kuyatia kinywani mwa watoto na sindano isiyo na ncha. Siku ya tatu mtoto mmoja alikohoa, maziwa yakatoka puani, akafa ndani ya kiganja chake.

Hapa kunapashwa kusimamishwa kidogo, sababu kosa hilo linafanywa na watu wengi wenye akili. Sungura si kama paka wala mbwa. Mama sungura ananyonyesha mara moja tu kwa saa 24, na mara nyingi ni usiku ao alfajiri, kwa dakika tatu ao nne. Kisha anatoka. Akikaa mbali hajawachukia. Porini anayekaa juu ya kiota anaonyesha mbweha pa kuchimba. Maziwa yake ni mazito sana, yana mafuta na protini mara nyingi zaidi kuliko ya ng'ombe, ndiyo maana mara moja inatosha. Na ndani ya mafuta hayo kuna aina zenye kuua vijidudu tumboni mwa mtoto. Maziwa ya unga hayana kinga hiyo kwa kiasi kinachofaa.

Kujua kama mtoto amenyonya hakuombi kukesha. Unamugeuza asubuhi na kutazama tumbo. Likiwa mviringo na ngozi imenyooka, amekula. Likiwa bapa na ngozi imejikunja kama ya mzee, hakula. Akikosa siku moja bado kuna nafasi ya kumuokoa. Akikosa siku mbili, nafasi inakuwa ndogo.

Watoto sita waliobaki walifungua macho kufikia siku ya kumi na moja, wakaanza kurukaruka. Katika juma la tatu walitafuna majani yao ya kwanza. Nyumba yote ilifurahi. Mama akafanya mpango: mmoja atabaki jike la kuzaa, wengine watauzwa, na makuta yataingia shuleni.

Katika juma la tano akawatenga na mama yao kwa siku moja, kwa sababu jike lilipashwa kupandishwa tena. Kwa kuwa walikuwa wadogo na maziwa yamekatika, akataka kuwapa kitu cha kuwakomaza. Jioni wakapewa uji wa unga wa mahindi, uliobaki kwenye chungu cha bukari. Kesho yake akanunua kwenye famasi dawa ya maji ya vitamini, ile ya watoto wa watu, akatia kijiko ndani ya maji yao ya kunywa. Ilikuwa tamu, na sungura wakanywa sana.

Siku ya tatu wawili walikuwa na mavi ya maji. Wakaacha kula, wakajikunyata, wakasaga meno. Mama akarudi kwenye famasi. Muuzaji, mtu ambaye alikuwa anajua watu tu, akamupa ampisilini: fungua kidonge, gawanya, tia kinywani. Ndani ya siku tatu wanne walikufa.

Mzee mmoja jirani, aliyestaafu kazi ya reli na ambaye amefuga sungura tangu wakati wa Zaire, alisikia kilio cha binti, akaja. Hakuuliza ni dawa gani. Aliita tu kutoka mlangoni, mama akamujibu «Eyo vidye» kwa heshima, akamupa kiti. Mzee akasema: «Mama, nionyeshe mavi yao.»

Akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akaeleza, na maelezo yake yanafaa kurudiliwa kwa utaratibu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa sungura.

Tumbo la sungura ni kama pipa la kuchachusha munkoyo. Chakula kinapita haraka tumboni, kisha sehemu laini inaingia katika mfuko mkubwa wa utumbo, na humo vijidudu vizuri vinaichachusha. Kinachotoka humo ni vifundo laini, vyenye kung'aa, kama zabibu ndogo. Sungura anavichukua moja kwa moja kwa kinywa na kuvila tena. Watu wengi wakiviona wanakasirika, wanafikiri ni uchafu ao ugonjwa. Lakini ni humo sungura anapata vitamini za kundi B na sehemu ya protini zake. Kwa maneno mengine, sungura mwenye afya anajitengenezea mwenyewe ile dawa ya maji ambayo mama aliinunua.

Kwa mtoto, pipa hilo bado halijakaa sawa. Katika juma la nne, la tano na la sita, maziwa yanaondoka, kinga yake inaondoka pamoja nayo, na vijidudu vizuri bado ni vichache. Ukimwaga humo unga wa mahindi ao uji, wanga unafika haraka kuliko unavyoweza kusagwa, na vijidudu vibaya ndivyo vinakula karamu. Vinatoa sumu. Mtoto anahara, anapoteza maji, anakufa kwa siku moja ao mbili. Sukari ya dawa ya vitamini inaongeza moto. Na zile vitamini zenyewe, hasa A na D, zikizidi ni mbaya kwa sungura: D inapeleka chokaa kwenye figo na mishipa, A inaharibu mimba ya jike.

Juu ya ampisilini, mzee alishusha sauti. Kidonge hicho kwa mtu kinaponya. Kwa sungura, ampisilini, amoksisilini na penisilini nyingine zikipitia kinywani zinaua vijidudu vizuri vyote ndani ya pipa na kuacha vibaya peke yao. Hata sungura mkubwa mwenye nguvu anaweza kufa nayo. Hapa haifai kulaumu mtu wa famasi peke yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya sungura mbele ya siku ile.

Kulikuwa kitu kingine ambacho binti hakuwa amesema. Alikisema tu wakati mzee alipouliza: «Hawakula tena kitu kingine?»

Mdogo wake, mtoto wa miaka miwili, alikuwa katika matunzo kwenye kituo cha afya kwa sababu ya utapiamlo mkali. Wanaomuona leo akikimbiza kuku hawawezi kukubali. Alipewa vile vifuko vya mkate wa karanga ambavyo wamama wengi wa kambi wanavijua: karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, gramu 92 kwa kifuko, nguvu ya kilokalori 500. Mchanganyiko huo ulitengenezwa Ufaransa miaka ya 1990, na tangu hapo umeokoa watoto wengi duniani, kwa sababu mama anaweza kuutoa nyumbani bila maji na bila moto. Binti aliona kwa macho yake: mdogo wake alikuwa mifupa, na baada ya majuma machache mashavu yakarudi. Basi sungura zilipoanza kukonda, akabana kifuko kimoja, akatoa kidogo kwa kidole, akawapakaza kwenye midomo. «Ilimunenepesha mdogo wangu,» akasema.

Ni nguvu kupata kosa katika mawazo hayo. Mtoto aliona ushuhuda, akaufuata. Ila mtoto wa mtu na mtoto wa sungura wanakomaa kwa njia mbili zinazopingana: mmoja anaokolewa na mafuta, maziwa na sukari, mwingine anaangushwa na vitu hivyo vitatu. Na kila kidole kilichoenda kwa sungura kilitoka katika hesabu ya mdogo wake. Vifuko hivyo vinahesabiwa kufatana na uzito wa mtoto. Si chakula cha kugawana, si kwa sungura, si kwa ndugu wakubwa, wala si cha kuuza sokoni. Mama alipoelewa, aliinama chini, hakusema kitu. Mzee ndiye aliyemuambia binti bila ukali: «Mwanangu, dawa ya mdogo wako iache kwa mdogo wako. Sungura dawa yao iko njiani, watu wanaikanyaga.»

Alikuwa anasema juu ya majani. Sungura anapashwa kuwa na majani makavu mbele yake mchana na usiku, kuanzia siku mtoto anatoka kwenye kiota. Nyuzinyuzi ngumu ndizo zinasukuma tumbo, na tumbo la sungura likisimama, mwenyewe naye anasimama. Nyasi zilizokatwa asubuhi na kunyaushwa kivulini siku moja ao mbili ni nzuri kuliko zile zenye umande. Zenye maji zinaleta gesi, na zile zilizokatwa pale sungura wengine wanapita zinaleta koksidia, ugonjwa mwingine unaomaliza watoto wa umri ule ule. Mayai ya koksidia yanatoka na mavi, na yanaomba unyevu na siku mbili hivi mbele ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Kufagia kila siku na kutengeneza sakafu ya mianzi inayoangusha mavi chini kunafanya kazi ambayo hakuna chupa itaifanya.

Kisha kuna majani ya nguvu, yale ya protini. Matembele yanaongoza, sungura wanayapenda na yanaongeza maziwa ya jike. Lengalenga ni nzuri, kwa kiasi. Majani ya karanga na ya maharagwe baada ya kuvuna, yakikaushwa bila kuvu, ni karibu kama chakula cha kununua. Moringa pia, kwa yule aliyeipanda. Sombe ina tatizo: mbichi ina sumu ya sianidi. Inyaushwe juani siku nzima, na itolewe kidogo. Majani ya nyanya, ya viazi vya Ulaya na ya avoka yaachwe kabisa. Ya avoka yamedanganya wengi, kwa kuwa mti uko kila lupango na watu wanakula tunda lake bila shida.

Nyongeza yenyewe, ile ambayo mama alikuwa anaitafuta, ipo. Ni pumba za mahindi, zile zinazobaki kwenye mashini ya kusaga, si unga wenyewe. Kilo moja ya pumba, kijiko kidogo cha chumvi, na mikono miwili ya majani makavu ya matembele ao moringa yaliyopondwa. Inatiwa maji kidogo ili isiwe vumbi la kuingia puani. Mtoto mmoja wa juma la tano anapata kijiko kimoja cha chakula kwa siku, jioni, na kinachobaki asubuhi kinatupwa. Kinaanzishwa angali ananyonya, polepole, kwa siku saba hadi kumi, ili pipa lizoee. Keki ya karanga ni nzuri pia lakini ikiwa na kuvu ni sumu, na wakati wa mvua kuvu haionekani kila mara kwa macho. Kama inanuka vibaya, hata kuku wasipewe.

Maji watu wanayasahau, kwa sababu wanasikia kwamba sungura hanywi. Huo ni uongo wa zamani. Jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima ao zaidi kwa siku, na akikosa maji anakosa maziwa, ndipo watoto wanakonda na mtu anakimbilia famasi. Kwa familia inayobeba maji kwa bidoni kutoka mbali, hilo ni neno kubwa, na ni haki kuliweka katika hesabu mbele ya kununua jike la pili.

Wachunguzi wa taasisi ya kilimo ya Toulouse, Ufaransa, walionyesha jambo lingine lenye kushangaza: mama sungura anaacha vipande vya mavi yake makavu ndani ya kiota siku za kwanza, na watoto wanavitafuna. Kwa njia hiyo wanapokea vijidudu vizuri kutoka kwake. Mama msafi sana, anayetoa kila kitu kwenye kiota siku ya pili, anawanyima urithi huo. Usafi ni wa sakafu. Kiota kiachwe, kitolewe tu kilicholowa na mtoto aliyekufa.

Katika mazungumzo hayo jirani mwingine aliuliza juu ya kobayi wake, wale ambao Kivu ya Kusini wanawaita dende. Kule watu wengi waliwapenda wakati wa vita kwa kuwa wanajificha kirahisi na kubebeka ndani ya kikapu, wakati mbuzi na ng'ombe walikuwa wananyang'anywa. Kobayi, kama mtu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Asipopata majani mabichi kila siku anaumwa viungo na kutoka damu kwenye ufizi. Sungura anajitengenezea. Basi anayewafuga ndani ya kibanda kimoja anapashwa kukumbuka majani mabichi kwa ajili ya kobayi na makavu kwa ajili ya watoto wa sungura, na ni vizuri zaidi kuwatenga, sababu sungura anapiga teke na kumuambukiza mwenzake ugonjwa wa mapafu.

Wale wawili waliobaki, majike wote, walirudishwa kwa mama yao jioni ile. Wakapewa nyasi kavu na maji safi tu, kwa siku nne, bila pumba. Siku ya pili mavi yakaanza kuwa mviringo. Binti alileta moja ndani ya kiganja kumuonyesha mzee, na mzee akalipokea kwa heshima kama mtu anayepokea franga.

Makuta ya shule ya robo hiyo hayakutoka kwa sungura. Mama aliyapata kwa kuuza mkaa kidogo kidogo kando ya stesheni, na sehemu bado ni deni. Mmoja kati ya wale wawili atauzwa akifika miezi mitano. Binti amekwisha kuambiwa, na alichagua mwenyewe ni yupi, kisha akakataa kusema sababu.

Jike kubwa lilipandishwa tena baada ya majuma matatu, si mara moja kama walivyokuwa wamepanga, ili lipumzike na kunenepa. Mzee alileta jike lake kwa dume lile lile, siku ile ile. Kama moja litakosa maziwa ao litakufa, lingine litapokea watoto wake, wakisuguliwa kwanza na manyoya ya kiota kipya ili harufu isiwatenge. Binti alichukua kipande cha makaa, akachora mistari kwenye ubao wa kibanda, mmoja kwa kila asubuhi. Mistari imefika kumi na tisa.